Je, Wajua? Mswaki Mbele ya Mashine ya Kupumulia

Je, wajua kwamba mashine ya kupumulia huokoa maisha, lakini pia inaweza kumletea mgonjwa nimonia ambayo hakuja nayo? Ikijitokeza saa 48 au zaidi baada ya kuwekewa mpira kooni, huhesabiwa kuwa imetokana na tiba hiyo. Mgonjwa hawezi kukohoa sawasawa, na mate yenye bakteria hupenya pembeni ya mpira hadi mapafuni.

Mtu wa Sapiwi, mkoani Simiyu, akizidiwa, rufaa yaweza kumfikisha Bariadi mjini, hata Bugando, Mwanza, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971. Ndugu anayemsindikiza atakutana na haya.

Je, wajua kuwa kinga ya kwanza ni kitanda? Kichwa huinuliwa nyuzi 30 hadi 45 ili vya tumboni visipande kooni. Mwaka 1999, watafiti wa Barcelona waliwagawa wagonjwa 86: waliolazwa chali, 11 kati ya 47 walithibitishwa kupata nimonia, walioinuliwa, 2 tu kati ya 39. Kuinua ni rahisi, kazi ni kumbakiza hapo. Utafiti wa Uholanzi wa 2006 ulilenga nyuzi 45, lakini siku ya kwanza wastani uliishia kwenye 28 hivi! Wagonjwa huteleza, kitanda hushushwa wakati wa kuoga kisha kikasahaulika. Basi muuguzi akirudi mara ya tano kukipima kitanda kilekile, usimwone msumbufu.

Je, wajua mswaki unafanya kazi katika wodi ya wagonjwa mahututi (ICU)? Uchambuzi wa majaribio 15, uliotoka Desemba 2023, ulionyesha kwamba kupiga mswaki hupunguza nimonia ya hospitalini, hasa kwa walio kwenye mashine. Dawa ya kusukutulia ya klorheksidini, iliyosifiwa miaka mingi, mwongozo wa Marekani wa 2022 hauipendekezi tena.

Na glovu? Glovu chafu hubeba vijidudu sawa na kiganja kichafu. Mikono hutakaswa kabla ya kuzivaa na baada ya kuzivua.

Je, wajua kuwa kibofu kidogo kwenye ncha ya mpira hujazwa hewa kwa kipimo, sentimita 20 hadi 30 za maji? Kikilegea, mate hupita. Kikikaza mno, koo huumia.

Mipira ya mashine haibadilishwi kila siku. Hubadilishwa ikichafuka au ikiharibika, na maji yanayojikusanya ndani humwagwa bila kuyaelekeza kwa mgonjwa.

Je, wajua kwa nini dawa ya usingizi husitishwa kidogo kila siku, daktari akiona ni salama? Katika utafiti wa Chicago wa mwaka 2000, waliofanyiwa hivyo walikaa kwenye mashine takriban siku 4.9, wenzao 7.3. Ndugu hushtuka wakimwona mgonjwa anafurukuta. Kwa kweli anapimwa kama anaweza kupumua mwenyewe.

Kinga kuu ni kutofikia mashine kabisa. Orodha ya huduma 40 za msingi kwa mgonjwa mahututi, iliyochapishwa 2021 kwa mchango wa wataalamu wa Tanzania, haina mashine ya kupumulia, lakini oksijeni imo.

Kwa hiyo, ndugu muuguzaji: nawa mikono kabla ya kumgusa, usimpe uji wala maji kwa mdomo, peleka mswaki ukiombwa, na ukikuta kitanda kimelala tambarare, mwulize sista sababu.