Kutoka baridi ya Kitale hadi joto la Lodwar: Usingoje mtoto aseme ana kiu

ALFAJIRI mjini Kitale mtoto huingia garini akiwa na sweta, soksi na blanketi. Mchana huohuo anaweza kuwa Lodwar, ambako hata kivulini kuna joto. Katikati ni safari ya takriban kilomita 300, na kosa la wazazi wengi ni kumshusha mtoto bondeni akiwa bado na nguo za milimani.

Kitale iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Lodwar kama mita 500 tu. Kila unaposhuka mita 1,000, joto hupanda kwa nyuzi sita hivi. Ndiyo maana mchana wa Lodwar hufika nyuzi 35 na kupita.

Kituo cha kwanza kizuri ni makumbusho ya Kapenguria, katika gereza la zamani. Hapo watoto wataona vyumba vya wafungwa na kusikia habari za Mzee Jomo Kenyatta na wenzake watano, waliokamatwa 1952. Waeleze kwamba baada ya hukumu ya 1953 walipelekwa Lokitaung, kaskazini mwa Lodwar. Wakishukia kwenye lile jua, wataelewa wenyewe kwa nini mkoloni alichagua huko.

Kutoka Kapenguria barabara huteremka kwa kona nyingi kupitia Chepareria na Ortum hadi Marich. Masikio yakiziba, mchanga anyonye, mkubwa apige miayo au ameze mate. Ortum ni mahali pa kuvua sweta na kuvaa pamba nyepesi na kofia. Kabla ya kupita Marich kuelekea Kainuk na Lokichar, waulize polisi hali ya usalama, kwani eneo hilo limewahi kushuhudia mashambulizi ya majangili. Safirini mchana.

Kuanzia hapo, maji ndiyo mzigo wa maana kuliko yote. Mtoto anayecheza au kusinzia hasemi mapema kwamba ana kiu. Mpe maji kidogo kidogo kila baada ya nusu saa. Aliye chini ya miezi sita hahitaji maji. Mama amnyonyeshe mara nyingi zaidi.

Chunguza mkojo: ukiwa mchache na wa manjano iliyokolea, maji yamepungua mwilini. Midomo mikavu, kulia bila machozi na ulegevu pia ni dalili. Simameni kivulini, mpunguzie nguo, mpanguse kwa kitambaa chenye maji na umpe ORS. Akichanganyikiwa, akipatwa na degedege au asipoamka vizuri, mkimbizeni hospitali iliyo karibu huku mkiendelea kumpoza.

Mkisimama kununua kitu, msimwache garini hata dakika tano. Gari lililofungwa juani laweza kupanda nyuzi kumi kwa dakika kumi, na mwili wa mtoto hupata joto upesi kuliko wa mtu mzima.

Blanketi lile msilitupe. Mtalihitaji siku ya kurudi, mkipanda tena Kapenguria jioni na mtoto akaanza kutetemeka.