Tornade, kimbunga au pepo? Majina ya upepo uliopita kwetu

Mwezi wa kumi, mvua ya kwanza ilipofika Lubumbashi, ilitanguliwa na upepo uliong'oa nusu ya paa letu kwa muda usiozidi dakika kumi. Tulikuwa tumejibanza chini ya meza, mama amewakumbatia wadogo zangu, manjanja yakigonga juu yetu kama ngoma. Kisha yakanyamaza. Ukimya huo ndio uliotutisha, maana umeme ulipomulika tuliona mawingu mahali palipokuwa na paa.

Kulipokucha, upepo ule ulikuwa na majina manne. Redio ya mtaa ilisema, kwa Kifaransa, tornade. Shemeji yangu aliyewahi kuishi Dar es Salaam alisema kimbunga. Wengi walisema mupepo tu. Lakini mzee mmoja aliitazama nyumba ya mjane anayeishi ng'ambo ya barabara, ambayo haikupoteza hata janja moja, akasema: "Hii haiko mupepo, iko pepo." Siku ile ile watu wakaanza kulikwepa lango la mjane yule.

Kiisimu, mzee hakuwa mbali. Mzizi wa upepo ndio wa pepo, na hatuwezi kuutenga na pepea, pepeta na peperuka. Ni mzizi wa kale. Wanaisimu wameurejesha hadi kwenye lugha mame ya Kibantu, na katika lugha kadhaa za familia hii neno moja hubeba upepo na roho pamoja. Kiswahili sanifu hutenganisha maana hizo kwa ngeli, lakini ukiutia upepo katika wingi, unarudi kwenye umbo lile lile: pepo. Hata hivyo, maneno kuwa ndugu hakumfanyi mjane kuwa mchawi.

Kimbunga nacho kina utata wake. Kamusi hulitumia neno hili kwa kila upepo wenye nguvu kubwa, wakati redio za pwani hulitumia hasa kwa dhoruba kubwa ya baharini, kama Idai iliyopiga Beira mwezi wa tatu 2019, au Hidaya iliyofika Tanzania mwezi wa tano 2024. Dhoruba ya namna hiyo hulishwa na maji ya bahari yenye joto, huwa na upana wa mamia ya kilomita na huishi siku kadhaa. Sisi tuko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi. Shemeji alikaa siku mbili akingoja "mkia" wa kimbunga, akitukataza kupanda juu kurekebisha paa, na mvua ya usiku uliofuata ikalowesha magodoro yote. Chamchela, ule upepo wa vumbi unaozunguka uwanjani wakati wa kiangazi, hauhusiki pia: huo huinuka kutoka kwenye ardhi yenye joto, mara nyingi mbingu ikiwa safi.

Inabaki tornade. Leo neno hili lina maana ya nguzo ya hewa inayozunguka kwa kasi, ikining'inia kutoka kwenye wingu la radi hadi ardhini. Kwa kawaida hudumu dakika chache na njia yake ni nyembamba. Zamani halikuwa hivyo. Mabaharia wa Ulaya walilitumia kwa dhoruba za ghafla za pwani ya Afrika Magharibi, zenye radi na upepo mkali, ziwe zinazunguka au la. Asili yake yaelekea ni neno la Kihispania la mvua ya radi, ambalo baadaye lilivutwa na kitenzi cha kugeuka. Kifaransa cha Afrika kilihifadhi maana hiyo ya kale kwa muda mrefu. Basi redio ilisema kweli kwa maana ya zamani. Je, kwa maana ya leo?

Jibu nililitafuta chini. Tetsuya Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyetoa kipimo cha tornade mwaka 1971, alikuwa akisoma uharibifu kama sisi tunavyosoma maandishi. Upepo unaozunguka hutawanya vitu pande nyingi na kuvisokota. Hewa baridi inayoporomoka kutoka wingu la mvua hugonga ardhi, ikatambaa na kulaza kila kitu upande mmoja. Nilizunguka lupango baada ya lupango. Manjanja, matawi ya miembe, hata ua la mianzi: vyote vimelala kuelekea magharibi.

Nyumba ya mjane je? Paa lake ni fupi, lina miteremko minne, halina baraza, na marehemu mumewe alifunga kila boriti kwa waya hadi ndani ya matofali. Letu lilikuwa na baraza pana mbele; upepo uliingia chini yake na kuliinua kama kifuniko cha chungu.

Shefu wa kartiye aliniomba niandike ripoti. Niliandika "upepo mkali wa mvua ya radi". Akakifuta na kuandika "tornade", akisema ofisini hawatoi msaada kwa upepo. Sikubishana naye. Jioni baba alivuka barabara kwenda kumwomba mjane amwonyeshe jinsi zile waya zilivyofungwa, na majirani wawili wakamfuata.