Kwa nini simu ya mvuvi hukataa katikati ya ziwa

KWA mvuvi wa dagaa wa Kibirizi, Katonga au Ujiji, simu ya mkononi ni chombo cha kazi kama wavu na taa. Akimpigia mnunuzi kabla ya alfajiri, hujua bei mapema na kuchagua mwalo wa kushushia mzigo.

Hata hivyo, katikati ya Ziwa Tanganyika simu huweza kuonyesha kuwa mtandao upo, lakini ikipigwa haitoki. Wengi hudhani simu ni mbovu. Mara nyingine tatizo ni muda.

Katika mfumo wa GSM, unaotumiwa na simu nyingi za bei nafuu, hadi simu nane hutumia masafa yaleyale kwa zamu. Kila zamu ni sehemu 577 za sekunde iliyogawanywa mara milioni. Simu husikiliza kwanza alama za mnara, hurekebisha saa yake, kisha husubiri zamu. Ni kama wapiga makasia: anayechelewa hugonga kasia la mwenzake.

Mawimbi husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, hivyo ya simu iliyo mbali huchelewa kidogo. Mnara huiagiza itangulie kwa hatua zisizozidi 63, kila moja sawa na mita 550 hivi. Hesabu huishia kilomita 35, ilhali upana wa wastani wa ziwa ni kilomita 50. Kwa kuwa juu ya maji hakuna kilima, simu huusikia mnara, lakini mnara hauwezi kuipa zamu.

Kampuni zinaweza kurefusha umbali kwa kuipa kila simu zamu mbili. Gharama yake ni kwamba masafa hayo hubeba nusu tu ya simu.

Kwa mvuvi, hasara nyingine ni betri. Simu iliyopoteza mnara huutafuta tena na tena hadi chaji inakwisha. Karibu na Congo au Burundi inaweza hata kunasa mtandao wa huko, wenye gharama kubwa zaidi.

Ni vyema basi kuchagua mtandao wa nyumbani kwenye simu, kuizima mbali na pwani, na kupiga ukikaribia. Muhimu zaidi, saa ya kurudi iachwe nyumbani kabla ya kuondoka. Upepo ukichafuka nje ya kilomita 35, mtandao unaoonekana kwenye kioo hauhakikishi msaada.