Mizani ya Gari Jipya Katika Milima ya Upare

Kila mara kampuni ya magari inapokaribia kuleta sokoni aina mpya ya gari la kifahari, sifa za gari hutangulia kufika kuliko gari lenyewe. Magazeti hutaja nguvu za injini, ulaini wa viti, na ukubwa wa kioo cha kuoneshea ramani. Mambo hayo aghalabu ni ya kweli, na yamepimwa kwa uangalifu. Lakini yamepimwa mahali pengine. Swali linalomhusu mkazi wa Mhezi, kata iliyomo katika milima ya Upare Kusini, wilayani Same, ni jingine kabisa. Je, gari hilo litapanda mlima wakati wa masika? Na, lililo zito zaidi, litashuka salama?

Sehemu kubwa ya swali hilo yaweza kujibiwa kabla gari halijaonekana, kwa kutumia fizikia ya shule ya sekondari pamoja na tarakimu chache zilizomo katika karatasi za mtengenezaji. Jibu linalopatikana si lile ambalo watu wengi hulitazamia.

Gari la namna gani?

Gari linalozungumzwa hapa huitwa krosova. Kwa umbo hufanana na gari la porini: limeinuka, na mlango wake wa nyuma ni mpana. Kwa ndani, hata hivyo, ni ndugu wa gari dogo la mjini. Land Rover ya zamani ilijengwa juu ya chasisi nzito ya chuma, na bodi ikafungwa juu yake. Krosova haina chasisi ya namna hiyo. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba mzigo wote. Kwa sababu hiyo huwa jepesi zaidi, hutumia mafuta kidogo, na hutulia vizuri katika barabara ya lami.

Toyota RAV4, iliyotoka mwaka 1994, ni miongoni mwa magari ya kwanza ya namna hii kupata soko kubwa. Mwezi wa Desemba 1997 Toyota Harrier ilianza kuuzwa Japani ikiwa imejengwa kutokana na misingi ya gari la abiria liitwalo Camry. Mwaka 1998 ikaingia soko la Marekani kwa jina la Lexus RX 300. Harrier imekuwa jina la kawaida katika barabara za Tanzania, ingawa nyingi zilifika zikiwa zimekwisha kutumika Japani. Baadaye krosova za kifahari zilizo ndogo zaidi nazo zilitokea. Lexus LBX, iliyooneshwa mwaka 2023, ina urefu wa mita 4.19 tu, nayo ni haibridi: injini yake ya petroli ya lita 1.5 husaidiana na mota ya umeme.

Kupanda: nguvu si tatizo

Na ichukuliwe krosova ambayo, pamoja na abiria na mizigo yao, ina kilo 2,000. Uzito wake ni takriban newtoni 20,000. Gari hilo lipande mwinuko wa 1 kwa 8, yaani kwa kila mita 8 za barabara linainuka mita 1. Sehemu ya uzito inayolivuta kurudi nyuma ni 20,000 ÷ 8, sawa na newtoni 2,500. Matairi yanapobingirika juu ya udongo na changarawe nayo hukutana na ukinzani, ambao kwa barabara mbovu waweza kukisiwa kuwa sehemu 5 kwa mia ya uzito, yaani newtoni 1,000. Jumla ni newtoni 3,500.

Likipanda kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, ambao ni mita 8.3 kwa sekunde, nguvu inayohitajika, yaani kazi inayofanyika katika kila sekunde, ni 3,500 × 8.3, takriban kilowati 29. Injini ndogo ya Harrier ya kwanza, ya lita 2.2, ilitoa kilowati 103 hivi. Ni kweli kwamba katika kimo cha mita 2,000 hewa huwa nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko hewa ya pwani, na injini isiyo na kisukuma hewa hupungukiwa nguvu kwa kiasi kama hicho. Hata hivyo hubakia kilowati zaidi ya 80, ambazo ni zaidi ya maradufu ya zile zinazohitajika.

Basi nguvu za injini, ambazo ndizo hutangulia katika kila tangazo, ndizo zisizo na shaka kubwa. Karibu kila krosova inazo za kutosha kupanda mlima.

Kushika ardhi

Injini yaweza kuwa na nguvu za kupindukia, lakini nguvu hizo hufika ardhini kwa njia ya msuguano wa tairi tu. Udongo wa mfinyanzi ukilowa na kuteleza, kizio cha msuguano chaweza kushuka hadi 0.2 hivi. Krosova nyingi, ikiwa ni pamoja na Harrier, zimeuzwa kwa namna mbili: zile zinazosukumwa na magurudumu ya mbele peke yake, na zile zinazosukumwa na magurudumu yote manne. Kwa macho ni vigumu kuzitofautisha.

Gari lililojaa watu linapopanda, uzito huegemea nyuma. Na ikadiriwe kwamba nusu tu, yaani newtoni 10,000, iko juu ya magurudumu ya mbele. Kani kubwa kabisa ambayo magurudumu hayo yaweza kuitoa ni 10,000 × 0.2, sawa na newtoni 2,000. Inayohitajika ni 3,500. Magurudumu yatazunguka papo hapo na gari halitapanda. Likiwa linasukumwa na magurudumu manne, kani yaweza kufika newtoni 4,000, nalo litapita, lakini ziada yake ni newtoni 500 tu. Tairi lililolika laweza kuimaliza ziada hiyo.

Hapa ndipo penye hatari isiyoonekana. Magurudumu manne yanayosukuma husaidia kupanda. Hayasaidii kusimama, kwa kuwa kila gari, la namna yoyote, husimamishwa na magurudumu yake yote manne. Gari lililo katika kilomita 30 kwa saa likishuka mteremko huo huo wa 1 kwa 8 juu ya udongo mkavu wenye msuguano wa 0.7, laweza kusimama katika mita 6 hivi tangu breki zilipokanyagwa. Juu ya utelezi wa 0.2 litahitaji takriban mita 46. Dereva aliyeuvuka utelezi bila taabu alipokuwa akipanda hushawishika kuamini kwamba atauvuka vivyo hivyo akirudi. Hesabu haikubaliani naye.

Kushuka: joto laenda wapi?

Kilele cha Shengena, kilicho juu kuliko vyote katika Upare, kina mita 2,462. Mji wa Same uko chini yake kwa zaidi ya mita 1,500. Kwa hiyo mteremko wa mita 1,000 si jambo la kubuniwa katika nchi hiyo. Gari la kilo 2,000 likishuka mita 1,000, nishati inayotoka katika kimo chake ni 2,000 × 10 × 1,000, yaani juli milioni 20. Nishati haipotei. Ikiwa gari halikuongeza mwendo, basi karibu yote imegeuka kuwa joto. Joto hilo latosha kuchemsha lita 60 za maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 100 za Selsiasi.

Upare, hasa Ugweno, ulijulikana tangu kale kwa wahunzi wake, ambao chuma chao kiliuzwa hata Uchagani. Mhunzi hahitaji kufundishwa kwamba chuma kilichoshika moto kina tabia nyingine. Kama visahani vyote vya breki vina jumla ya kilo 30 za chuma, na joto lote likaingia humo bila kupoa, visahani vingezidi nyuzi 1,400. Katika hali halisi upepo huvipoza, lakini mfano huo waonesha kwa nini breki peke yake hazifai kuachiwa kazi yote.

Hatari nyingine imo katika mafuta ya breki. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo. Kwa kipimo cha Marekani, mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205. Yakishaingiwa na maji ya sehemu 3.7 kwa mia, kiwango hicho hushuka hadi nyuzi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na kimiminiko, hubonyea. Dereva hukanyaga, nacho kikanyagio huzama hadi sakafuni bila breki kushika.

Yafaa kulinganisha na majaribio rasmi. Kanuni za Umoja wa Mataifa za breki za magari makubwa zina jaribio la kushuka mteremko wa sehemu 6 kwa mia, kwa umbali wa kilomita 6, katika mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Jumla ya kushuka huko ni mita 360. Mlima wa Upare waweza kudai karibu mara tatu ya hizo.

Dawa yake ni kuiachia injini kazi ya kuzuia. Gia ya chini hulazimisha injini izunguke kwa kasi ingali haipewi petroli, na msukosuko wake hula nishati, ambayo hutolewa nje kwa njia ya rejeta na bomba la moshi. Kwa hiyo, katika kulipima gari jipya, swali la kwanza liwe hili: dereva aweza kuichagua na kuishikilia gia ya chini mwenyewe? Haibridi nyingi za Toyota zina alama ya B kwenye mkono wa gia kwa kazi hiyo.

Haibridi huongeza jambo la kuvutia. Likishuka, mota yake hugeuka kuwa jenereta na kujaza betri. Lakini betri ya haibridi isiyochomekwa kwenye umeme wa ukutani aghalabu hubeba saa-kilowati 1 hadi 2 tu, ilhali juli milioni 20 ni sawa na saa-kilowati 5.6. Betri itajaa gari likiwa bado katikati ya mteremko, na kuanzia hapo injini na breki hurudi kazini. Hata gari linaloendeshwa kwa umeme peke yake, lenye betri kubwa, lina sharti lake: likijazwa umeme kabisa mlimani juu, halina pa kuiweka nishati ya kushukia.

Tumbo la gari

Uwazi baina ya ardhi na tumbo la gari hutajwa katika karatasi za mauzo, lakini aghalabu umepimwa gari likiwa tupu. Gari lenye mita 2.6 baina ya ekseli zake na uwazi wa sentimita 19 laweza kuvuka tuta lenye pembe ya digrii 17 hivi bila kugusa. Watu watano na magunia ya tangawizi wakilididimiza kwa sentimita 3, pembe hiyo hushuka hadi digrii 14. Krosova haina chasisi ya kupokea pigo. Kinachogonga jiwe chaweza kuwa bakuli la mafuta ya injini, au, katika haibridi nyingine, nyaya za umeme mkali zipitazo chini ya sakafu.

Kazi kwa shule

Hesabu hizi zinahitaji tarakimu moja ambayo hakuna mtengenezaji awezaye kuitoa: mwinuko wa barabara yenyewe. Wanafunzi waweza kuupima. Ubao ulionyooka wa mita 1 ulazwe barabarani kuelekea mlimani, na juu yake iwekwe chupa iliyokaribia kujaa maji, imelala, ili povu moja la hewa lionekane. Ncha ya chini ya ubao iinuliwe mpaka povu likae katikati ya chupa. Urefu kutoka ardhini hadi ncha hiyo upimwe kwa rula: sentimita 12.5 ni mwinuko wa 1 kwa 8. Vipimo vikirudiwa mahali pengi, shule itapata ramani ya miteremko ya kijiji chake, na kila mwanafunzi ataweza kurudia hesabu zilizotangulia kwa barabara anayopita kila siku. Kazi hiyo ifanywe mahali ambapo magari yaonekana kwa mbali, na mtu mmoja awekwe kuangalia njia.

Kwa mkulima au mwalimu anayetaka kununua gari, na ambaye fedha zake ni akiba ya miaka mingi, mpangilio wa kulipima waweza kuwa kinyume cha ule wa matangazo. Kwanza zitazamwe breki na gia ya kushukia. Pili, magurudumu yanayosukuma na hali ya matairi. Tatu, uwazi wa tumbo gari likiwa limepakiwa. Nne, upatikanaji wa vipuri na fundi katika mji wa Same au Moshi. Nguvu za injini zije baada ya hayo, na viti vya ngozi viwe vya mwisho. Mafuta ya breki yabadilishwe kwa wakati wake, hata kama gari bado linang'aa.