UTITIRI KWA CHATU, KOBE NA JONGOO: Usikimbilie dawa, angalia kwanza!

MTAZAME mjusi kafiri aliyejibandika ukutani karibu na taa usiku wa leo. Kama macho yako bado yanakubali, huenda ukamwona ana vidoti vyekundu au vya rangi ya chungwa katikati ya vidole vyake. Sisi wa mjini tumekua tukiviona bila kujua ni nini. Wapo wanaosema ni sumu yake, na kuna bibi mmoja mtaani kwetu anaapa kwamba mjusi kakanyaga rangi ya mlango. Hapana, bwana! Wale ni utitiri, ukoo mmoja na wale wa kuku, na wamejibana pale wanajipatia riziki yao. Mjusi mwenyewe wala hana habari, anaendelea kukamata mbu wake.

Nimeanza na mjusi makusudi. Siku hizi kuna vijana ambao kufuga mbwa na kuku tu wanaona ushamba. Wapo wenye kobe uani, wapo wenye majongoo ndani ya sanduku la kioo sebuleni, na wapo wachache wenye roho ngumu na kibali mkononi wanaofuga nyoka. (Suala la kibali sitanii. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania ni ya mwaka 2009, na ukikutwa na chatu chumbani bila karatasi, kesi yako haitakuwa ya utitiri tena.)

Hao wote, siku moja, watakuta kitu kinatembea juu ya mnyama wao, kidogo kama nukta ya kalamu. Hapo ndipo kasheshe inapoanza. Mtu anashika kopo la dawa ya mbu, anafumba macho, anapuliza. Kuna dogo mmoja wa mtaani alifanya hivyo kwa majongoo wake saba. Asubuhi wote saba walikuwa wamejikunja kama bangili, wamekufa. Mimi jongoo aliyeuawa na utitiri sijawahi kumwona. Waliouawa na dawa ya utitiri nimewahesabu kwa vidole vyangu.

NI NANI HUYO?

Kwanza tukubaliane kwamba utitiri si chawa wala kiroboto. Akikua ana miguu minane, kama buibui na kupe ambao ni ndugu zake. Mtoto anayetoka kwenye yai ndiye mwenye miguu sita. Kiroboto anaruka, utitiri anatembea. Kwa hiyo ukikuta vidudu vyeupe kwenye udongo wenye unyevu, na ukivipulizia pumzi vinarukaruka, hao si utitiri hata kidogo. Ni wadudu wa udongo wanaokula ukungu na majani yaliyooza. Waache wafanye usafi bure, hawadai mshahara.

Njia ya kutambua haihitaji darubini. Chukua karatasi nyeupe ya chooni, mpanguse mnyama taratibu, kisha tazama karatasi kwenye mwanga. Nukta nyeusi au nyekundu iliyokolea inayotembea, ukiiminya inaacha alama ya damu, hiyo ni noma. Nukta nyeupe au ya rangi ya maziwa inayozurura kwenye udongo na mabaki ya chakula, mara nyingi ni utitiri wa uchafu tu, anayefuata unyevu na vilivyooza. Wa kwanza anataka damu ya mnyama wako. Wa pili anakwambia kwamba wewe ni mvivu wa kufagia.

KWA CHATU HAKUNA UTANI

Mwaka jana nilikwenda kumtembelea mshikaji wangu anayefanya usafi kwenye bustani moja ya nyoka. Nikamkuta chatu mkubwa kajilaza ndani ya karai la maji, kichwa tu ndicho kiko nje. Wageni walikuwa wanapiga picha na kucheka kwamba hata nyoka joto la Dar limemshinda. Mzee anayewalea nyoka wale hakucheka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mwandishi? Sogea basi uone mwenyewe, usije ukaandika ya kusikia."

Chatu alikuwa na siku tatu majini. Alikuwa hajala karibu miezi miwili. Mzee akampangusa chini ya kidevu kwa karatasi nyeupe, akanionyesha. Ilikuwa kama mtu kamwaga pilipili manga iliyosagwa, tofauti ni kwamba pilipili hii ilikuwa inatembea! Kwenye maji ya karai nako kulikuwa na vidoti vyeusi vimezama, na juu ya magamba ya mgongoni kulikuwa na vumbi jeupe jeupe. Kumbe lile vumbi ni kinyesi cha utitiri. Ukiviona hivyo vitatu pamoja, yaani nyoka asiyetoka majini, vidoti karaini na vumbi jeupe, huna haja ya kwenda kwa mganga.

Huyu utitiri wa nyoka wataalamu wanamwita Ophionyssus natricis. Hafiki milimita moja na nusu hata akishiba. Anajificha chini ya magamba, pembezoni mwa macho na kwenye mikunjo ya kidevu. Jike anaweza kutaga mayai 60 hadi 80 maishani mwake, lakini hatagi juu ya nyoka. Anashuka, anatafuta mwanya wenye giza na unyevu kwenye mbao za sanduku, anatagia huko. Ndiyo maana anayemwogesha nyoka na kumrudisha kwenye sanduku lile lile anapoteza muda. Na sikia hii kali: jike ambaye hajakutana na dume anataga vilevile, na mayai hayo yanatoa madume matupu, kisha anazaa na wanawe. Kwa hiyo mmoja tu aliyebaki kwenye ufa anatosha kuanzisha ukoo mzima. Kwenye joto kama letu, toka yai hadi utitiri mzima ni suala la wiki mbili tatu hivi.

Damu anayonyonya mmoja ni kidogo, lakini wakiwa mamia nyoka anaishiwa, fizi zinapauka, anakataa chakula. Tena anabeba magonjwa. Mwaka 1948 mtafiti wa Marekani, Joseph Camin, aliandika jinsi utitiri hawa wanavyohamisha toka nyoka hadi nyoka ugonjwa wa bakteria unaosambaa kwenye damu. Binadamu naye akibahatika anaumwa, vipele vinamtoka mikononi.

Sasa mzee alifanya nini? Alianza na sanduku, si nyoka. Udongo, majani na magome yote yalifungwa kwenye mfuko na kuchomwa. Sanduku likasuguliwa kwa maji ya moto na sabuni, kona kwa kona, mpaka kwenye bawaba za mlango. Ndani akatandika karatasi nyeupe tupu na karai, basi. Chatu akawekwa kwenye maji ya uvuguvugu yasiyozidi kimo cha mwili wake, utitiri wengi wakazama. Waliokimbilia kichwani wakafuatwa na pamba iliyoloweshwa.

Halafu akaja daktari wa mifugo na dawa yenye fipronili, ile ya mbwa ya kupuliza. Hapa ndipo nilipojifunza kitu. Hakumpulizia nyoka hata tone! Alilowesha kitambaa, akampangusa akikwepa macho na mdomo, akasubiri dakika chache, akamsuuza. Wakarudia baada ya siku kumi, kwa sababu mayai yaliyobaki yanakuwa yameanguliwa na hao wapya inabidi wawahiwe kabla hawajataga. Vipimo alivipiga yeye daktari, na mimi sitaviandika hapa, maana nawajua wasomaji wangu.

Chatu mkubwa alikula kuku wake wa kwanza wiki ya tano. Yule mdogo wa sanduku la pili, ambaye hakuna aliyemkagua mapema kwa kuwa alikuwa anaonekana mzima, hakufika mwisho wa wiki ya kwanza.

KOBE NA SINDANO YA MBUZI

Hili nalisema taratibu ili lieleweke. Ile sindano ya ivamektini wanayochomwa mbuzi na ng'ombe kwa minyoo na kupe, ambayo kila duka la dawa za mifugo linayo, usimchome kobe. Kobe hana kinga nayo. Inaingia kwenye mishipa ya fahamu, shingo inalegea, miguu inalegea, pumzi inakata. Kuna nyoka na mijusi ambao daktari anaweza kuwapa kwa kipimo, lakini kobe wa nchi kavu na kasa wamo kwenye orodha ya hapana. Jirani mmoja alipenda njia ya mkato, akampoteza kobe aliyeachiwa na baba yake. Kilio chake kilikuwa cha msiba kabisa.

Isitoshe, wadudu wa kobe mara nyingi si utitiri bali ni kupe, na kupe unamwona. Wanajibana kwenye ngozi laini ya mapajani, shingoni na chini ya mkia. Mshike kwa kibanio karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja taratibu. Habari za kumchoma kwa njiti ya kiberiti au kumpaka mafuta ya taa tuwaachie wahuni.

Kupe hao wameshaleta hata mgogoro wa kimataifa. Machi 2000 Idara ya Kilimo ya Marekani ilifunga mlango kwa aina tatu za kobe wa Afrika, akiwemo kobe wetu mwenye madoa kama chui, baada ya kupe wa Kiafrika kukutwa kwenye mazizi ya kobe huko Florida. Hofu yao ilikuwa ule ugonjwa wa moyo kujaa maji, unaoua ng'ombe, mbuzi na kondoo. Hebu fikiria, biashara nzima ikasimama kwa sababu ya mdudu wa pajani!

JONGOO, BUIBUI NA MENDE

Huku sheria inabadilika kabisa. Jongoo, buibui wakubwa wa manyoya wanaoitwa tarantula, nge na mende wote ni jamaa wa mbali wa utitiri. Dawa inayoua utitiri inawaua na wao. Hakuna kipimo kidogo cha usalama, hakuna "nitapuliza pembeni tu". Hata ule moshi wa dawa ya mbu unaowasha chumbani kwako jioni, mtoe kwanza jongoo nje ya chumba.

Tena ukweli ni kwamba mara nyingi hakuna ugonjwa. Wale jongoo wetu wakubwa wa pwani, wanaoweza kupita sentimita 30, walipendwa sana na wafugaji wa Ulaya na Marekani kabla Serikali haijapiga marufuku mwaka 2016 kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi. Wengi walifika kule na utitiri wao wa asili wakikimbiakimbia katikati ya miguu. Wageni wakapata kiwewe, wakaanza kuwasugua. Bure! Utitiri hao mara nyingi wanakula uchafu juu ya gamba, ni kama ndege wanaomfuata ng'ombe.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mende wakubwa wa Madagascar, wale wanaotoa sauti kama pancha. Wana utitiri wao maalumu anayeishi juu ya mende maisha yake yote, anakunywa mate na kula makombo yaliyonasa kwenye miguu. Hamuumizi. Asiyewataka huweka mende kwenye mfuko wenye unga na kumtikisa polepole, kama samaki anayetaka kukaangwa, utitiri wanaanguka na mende anatoka mweupe lakini mzima.

Wa kuogopwa ni pale utitiri weupe wa udongo wanapozaliana kupita kiasi na kuanza kujazana mdomoni mwa buibui na kwenye matundu yake ya kupumulia yaliyo chini ya tumbo. Hapo anashindwa kula na kupumua. Watoe mmoja mmoja kwa brashi laini ya kuchorea iliyopakwa mafuta kidogo ya mgando, ukiwa na mkono usiotetemeka. Kisha badili udongo wote, weka mkavu kidogo kuliko mwanzo, acha hewa ipite, na usiache panzi aliyekufa alale humo. Kipande cha kiazi au tango ukikiweka jioni, asubuhi utakikuta kimejaa utitiri. Kitupe mbali, weka kingine, endelea hivyo siku kadhaa. Kwa konokono mkubwa utaona utitiri weupe wakiteleza kwa kasi juu ya ute na kuingia kwenye tundu la kupumulia. Huyo msuuze kwa maji ya vuguvugu na umhamishie kwenye udongo mpya, zaidi ya mara moja.

MGENI ASIINGIE NA KIATU

Wengi wa utitiri hawa wabaya hawaji kwa miguu kutoka porini, tunawaleta sisi. Mnyama mpya, hata kama umepewa na rafiki wa damu, mweke chumba kingine kwa mwezi mmoja angalau, kwa nyoka miezi mitatu ni bora. Mtandikie karatasi nyeupe ili kila nukta ionekane. Asiwe na karai, brashi wala kibanio cha pamoja na wenzake. Kila siku anza kuwahudumia wenyeji, umalizie na mgeni, kisha unawe mikono mpaka viwikoni na ubadili shati. Yule mshikaji wangu wa bustani siku hizi ana mashati mawili ya kazi. La wageni analitundika nje kwenye mwembe, na mkewe amekataa kabisa kulifua pamoja na nguo za watoto.