Moyo wa Mtu wa Kisiwani Utazamwe

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwezi Juni, 2025, mgonjwa wa Sengerema hangoji tena kivuko ili afike Mwanza. Lakini ndugu yake wa Kome bado huanza safari majini, avuke mpaka Nyakaliro, ndipo aishike barabara. Ni haki basi kuuliza: akifika hospitali ya wilaya, moyo wake utapimwa kwa nini?

Moyo huendeshwa na umeme wake wenyewe. Umeme huo hushuka kutoka juu, hupitia kifundo alichokieleza mtaalamu wa Kijapani, Sunao Tawara, mwaka 1906, kisha hugawanyika katika njia ya kulia na ya kushoto. Njia ya kushoto ikiziba, chumba kinachosukuma damu mwilini mwote hupata amri kwa kuchelewa. Ukuta wa kati hujikunja mapema, ule wa pembeni baadaye. Ni wapiga kasia wawili wasiosikilizana: jasho linawatoka, mtumbwi hauendi.

Mchoro wa umeme wa moyo hugundua ucheleweshaji huo. Haugundui kama misuli imekwisha kuchoka. Watu wawili waweza kuwa na mchoro ule ule, mmoja moyo wake ukiwa imara, wa pili umetanuka na kulegea. Anayewatofautisha ni altrasaundi ya moyo, yaani eko, iliyoanzishwa na Edler na Hertz huko Lund, Sweden, mwaka 1953. Hapo moyo huonekana ukipiga. Moyo wenye afya hutoa zaidi ya nusu ya damu iliyojaa chumba cha kushoto kwa kila pigo. Ikishuka hadi asilimia 35 au chini ya hapo, na dawa zisisaidie, baadhi ya wagonjwa hufaidika kwa betri maalumu inayoziamuru kuta zote mbili kwa pamoja. Bila eko, daktari atamchaguaje wa kuwekewa?

Wakuu wa afya wasitujibu kwamba altrasaundi ya wajawazito inatosha. Moyo huhitaji kishikio chake chembamba, kinachopenyeza mawimbi kati ya mbavu, na zaidi ya hicho huhitaji mtu aliyefundishwa kuisoma picha. Tungeanza na huyo mtu; mashine isiyo na msomaji tumekwisha kuiona ikifunikwa kitambaa. Akiwapo Sengerema, Bugando, inayotibu Kanda ya Ziwa tangu 1971, itapokea wanaostahili kupelekwa, na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete huko Dar es Salaam itapokea wachache kati yao.

Nanyi wananchi wa Kome na Maisome, kuhema mtu alalapo chali, kuvimba miguu na kuzimia ghafla si uchovu wa kuvua dagaa usiku. Aliyezimia asirudishwe mtumbwini kesho yake. Apelekwe hospitali, na aombe moyo wake upimwe.