Jengo Moja, Polisi Ishirini na Ubishi Usiokwisha

Septemba 2011, watazamaji wa filamu za usiku wa manane katika Tamasha la Filamu la Toronto walipiga kura, na tuzo yao wakaipa picha ya polisi kutoka Indonesia. Machi 2012, picha hiyo hiyo ilipoingia kwenye kumbi za Marekani, Roger Ebert, mhakiki aliyesomwa sana nchini humo, aliipa nyota moja kati ya nne. Tangu hapo The Raid, au Serbuan Maut kama inavyoitwa kwao, haijapata kukaliwa kikao kimoja. Wapo wanaoapa kwamba ndiyo picha bora ya ngumi ya karne hii, na wapo walioizima kabla haijafika nusu.

Kisa chake ni chepesi kusimulia. Polisi ishirini wanavamia jengo chakavu la ghorofa jijini Jakarta ili wamkamate Tama, bwana wa mihadarati anayeishi juu kabisa na kuwapangisha wahalifu vyumba vya chini. Wakifika ghorofa ya sita, mtoto anawaona na habari inafika juu. Taa zinazimwa, njia zinafungwa, na Tama anatangaza kwa kipaza sauti kwamba mpangaji atakayesaidia kuwaua wageni hao atakaa bure maisha yake yote. Msaada hauji, kwa sababu Luteni Wahyu aliyewaleta hakuwaaga wakubwa wake. Rama, askari kijana aliyemwacha mkewe mjamzito nyumbani, anapigana kwa bunduki mpaka risasi zinakwisha, kisha kwa kirungu na kisu, na mwisho kwa mikono mitupu.

Lawama inayorudiwa kuliko zote ni kwamba picha haina hadithi. Ebert mwenyewe alilalamikia uhaba wa mazungumzo na wahusika wasio na undani, akaona kilichobaki ni mauaji tu. Naielewa lawama hiyo, lakini siikubali yote. Anayeitafuta hadithi ya The Raid kwenye maneno peke yake ataikosa, maana sehemu kubwa imewekwa mwilini. Kuna mahali Rama amefichwa nyuma ya ukuta wa chumba cha Gofar, mpangaji mwema anayemuuguza mkewe. Genge la wenye mapanga linaingia na kuanza kuutoboa ukuta. Panga linapenya, linamchana Rama shavu, naye anaufuta ubapa wa panga ili linapochomolewa litoke bila damu. Rama hasemi neno. Hapo tumeshajua kuwa kijana huyu ana akili, ana uvumilivu, na ana sababu ya kutaka kurudi nyumbani. Mazungumzo ya dakika tano yasingetupa zaidi.

Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video tuna uzoefu wetu katika jambo hili. Picha za Hong Kong tulizitazama bila kujua neno la Kikantoni, na za India wengi wetu bila kujua Kihindi, mpaka walipokuja wasimulizi kama marehemu Lufufu hapa Tanzania na DJ Afro kule Kenya wakatuwekea Kiswahili juu yake. Kabla yao tulijifunza kumsoma mtu kwa anavyosimama, anavyoanguka na anavyoinuka. Mtazamaji wa namna hiyo hashtuki The Raid inapokaa muda mrefu bila mtu kuzungumza.

Kwenye mabanda hayo hayo kuna ubishi mwingine, nao ni wa adui. Kwa kawaida stelingi ndiye mwenye mashabiki. Hapa Mad Dog, mlinzi mfupi wa Tama anayeigizwa na Yayan Ruhian, anawanyang'anya wengi moyo. Anamkamata Sajini Jaka akiwa amemwelekezea bastola, kisha anaiweka bastola pembeni kwa kuwa kufyatua risasi hakumpi raha, na wanapigana mpaka Jaka anavunjwa shingo. Joe Taslim anayemwigiza Jaka aliwahi kuichezea timu ya taifa ya judo ya Indonesia, na ukitazama vizuri utamwona akitafuta kushika na kurusha, wakati Mad Dog anatafuta kuvunja. Ni pigano la mitindo miwili, na lina huzuni yake. Baadaye Rama na kaka yake Andi wanamkabili Mad Dog pamoja. Wengine husema wawili kwa mmoja si haki. Wanasahau kwamba Mad Dog mwenyewe ndiye aliyesubiri Andi afunguliwe minyororo ndipo pambano lianze.

Mchezo unaopiganwa ni pencak silat, sanaa ya mapigano ya Indonesia ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2019 katika orodha ya urithi wa binadamu. Iko Uwais, anayemwigiza Rama, amekulia ndani ya silat, na babu yake alikuwa bingwa aliyeanzisha chuo cha kuifundisha. Gareth Evans, mwongozaji mzaliwa wa Wales, alimkuta mwaka 2007 alipokuwa akitengeneza filamu ya kumbukumbu kuhusu silat. Wakati huo Uwais alikuwa dereva wa kampuni ya simu. Walianza na Merantau mwaka 2009, kisha Evans akapanga picha kubwa zaidi ya magenge, fedha zikakosekana. Ndipo akaandika kisa kinachoweza kufungiwa ndani ya jengo moja kwa bajeti ya takriban dola milioni 1.1. Wanaouona wembamba wa hadithi kama dharau wangekumbuka kwamba ulitokana na ukubwa wa mfuko.

Kwa fedha hizo Evans alifanya jambo ambalo studio tajiri zimeshindwa: kamera yake inatuonyesha pigo likianza, likitua, na mtu akianguka. Haitikiswi ili kuficha mwigizaji asiyejua kupigana. Hata wasioipenda picha hii huwa hawabishi hapo.

Wapo pia walioikataa kwa sababu walikulia kwa Jackie Chan. Police Story ya mwaka 1985 nayo ina polisi, ngumi na vioo vinavyovunjika dukani, lakini inakuachia nafasi ya kucheka na kupumua. The Raid haina kicheko. Ni dakika 101 za kubanwa, na mtazamaji anayetaka kufurahi jioni baada ya kazi ana haki ya kuondoka. Nisichokubali ni madai kwamba iliigwa na Dredd, picha ya 2012 yenye polisi waliofungiwa ndani ya jengo. Dredd ilikuwa tayari imepigwa Afrika Kusini kabla Evans hajaanza kupiga yake. Kila mmoja alikuwa kwenye njia yake.

Mahali ninapokaa upande wa wanaolalamika ni kwenye polisi wenyewe na wapangaji. Askari wengi wanakufa kabla hatujajua majina yao. Wanawake ni mke wa Rama mwanzoni, mke wa Gofar kitandani, basi. Rushwa iliyowaleta polisi hawa kwenye kifo, ambayo ndiyo moyo wa kisa, inaelezwa kwa sentensi chache karibu na mwisho. Na yule mtoto mlinzi anayewaona polisi anapigwa risasi na Wahyu, halafu picha inaendelea na safari yake karibu kana kwamba halijatokea jambo. Filamu inayotaka tuwachukie polisi wachafu ilipaswa kusimama hapo. Haikusimama, na hilo ni kosa kubwa kuliko uhaba wa mazungumzo.

Mwendelezo wake, The Raid 2 wa mwaka 2014, ni ile picha kubwa iliyokosa fedha mwanzoni. Ina dakika 150, familia za wahalifu na siri za polisi kwa wingi, na baadhi ya waliosema ya kwanza haina hadithi wakasema ya pili inayo kupita kiasi. Malaysia waliipiga marufuku.

Mimi naiweka ya kwanza juu, pamoja na kosa lake, kwa ajili ya ukuta wa Gofar na pambano la Jaka. Ombi langu ni kwa wenye mabanda ya video, ambako kwa kawaida mlango uko wazi kwa yeyote mwenye kiingilio. Watu wanachinjwa, wanapigwa nyundo, wanavunjwa migongo mbele ya kamera isiyogeuza uso, na mtoto anauawa. Iwekeni usiku, na mtoto wa shule akija na sarafu zake mkononi, mrudishieni.